Kukamua Shuka

Nilianza hivi: NDANI. CHUMBA CHA KUFULIA. ALFAJIRI.
Mwanamke wa miaka hamsini na minane
anainua shuka la hospitali mbele ya taa,
anasoma madoa kama karani asomavyo risiti:
hili la wodi ya wazazi, hili la mifupa,
hili la mtoto aliyekataa uji.
Kurasa tisini. Hakuna anayepigwa risasi.
Mwanamke huyo ni mama yangu, Khainza,
ila kwenye muswada nilimwita Namono
ili akiniuliza nikane.

Nikapanda basi la alfajiri kutoka Mbale,
muswada kifuani, ndani ya bahasha ya eksirei
(ile haipenywi na mvua),
nikapandisha Kololo kwa miguu
hadi ghorofa ya nne, kwa Bi Kyomuhangi,
ambaye kazi yake ni kuagiza hadithi
kama wengine wanavyoagiza mabati.

Alisoma. Sitamsingizia: alisoma,
na ukurasa wa thelathini alivua miwani, akaifuta.
"Nimeipenda," akasema.
Neno hilo ndilo linaloanzisha gharama.

Mkataba: thuluthi ukitia saini,
thuluthi rasimu ikikubaliwa,
thuluthi kamera ikiwashwa.
Ikikubaliwa na nani? Kifungu kilinyamaza.
Thuluthi ya kwanza ililipa kodi, deni la duka, na viatu.

Rasimu ya pili, Namono awe na miaka arobaini.
Ya tatu, thelathini, na asiwe dobi, awe nesi,
watazamaji wanapenda sare.
Ya nne, aseme Kiganda;
Kigisu abaki nacho cha kuombea na kutukania.
Ya tano, daktari ampende.
Nikamwandika daktari. Nilimpa kikohozi
ili angalau awe na kitu chake.
Wakakiondoa kikohozi.

Kisha akaja mfadhili: kampuni ya sabuni.
Kijana wao wa masoko, Lubowa, mpole, kucha safi,
akasema, "Madoa haya hayawezi kubaki.
Kila sehemu iishe shuka likiwa jeupe."
Nikamwambia kuna doa lisilotoka,
na hilo ndilo hadithi yenyewe.
Akaandika kwenye daftari lake; nililisoma juu chini:
mwandishi ni mgumu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Niliinama hadi nikasahau
nilichokuwa natafuta mvunguni.
Rasimu ya saba sikumbuki kuiandika.
Nakumbuka umeme umekatika, simu inanimulika,
na chapati ya mayai imepoa kando ya mkono.
Hiyo ndiyo iliyopita.

Alhamisi, saa mbili usiku.
Majirani wamejaa sebuleni kwa mama,
watoto chini, wenye miguu mibovu kwenye kochi.
Jina langu likakimbia chini ya kioo,
herufi moja imekosewa.
Mama alitazama kimya. Daktari. Muziki.
Mtaa ambao hakuna anayeudai.
Kisha yule nesi akatoa shuka kwenye beseni
akalikamua peke yake.

Mama akacheka hadi akashika ubavu.
"Huyu hajawahi! Shuka bichi, mtu mmoja?"
Akainuka, akatoka uani,
akarudi na shuka letu likitiririka juu ya zulia,
watoto wakipisha,
akanipa ncha moja.
"Wewe kulia, mimi kushoto. Usiachie."

Tukazungusha. Nyuma yetu sabuni ilikuwa inajitangaza.
Shuka likakaza, likawa kamba, likajikunja katikati,
maji yakatumwagikia miguuni,
na jirani mmoja akalalamika hatuoni televisheni.

"Hii uliwaandikia?" akauliza mama, hapandishi macho.
Ukurasa wa tatu. Rasimu ya kwanza.
"Niliwaandikia."
"Basi shika vizuri."